Elimu Ndogo na Amana Kubwa

Mpenzi msomaji, liko swali ambalo kila mtu mwenye akili yapasa ajiulize angalau mara moja katika maisha yake, nalo ni hili: Je, mtu aliyejaliwa sehemu tu ya elimu ya kuokoa roho anaruhusiwa kuitumia, au yampasa akae kando mpaka aje mwenye elimu kamili? Na kama anaruhusiwa, mpaka wake ni upi? Swali hili si la wanafalsafa peke yao. Hujibiwa kila siku, usiku na mchana, katika zahanati za vijiji vyetu, na anayelijibu mara nyingi ni kijana ambaye miaka michache tu iliyopita alikuwa bado amevaa sare ya shule ya sekondari.

Tuutazame mji wa Kilosa, mkoani Morogoro. Wengi wanaujua kwa sababu ya Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914. Wengine kwa sababu ya mashamba ya mkonge ya huko na Kimamba. Na wengine kwa sababu ya mto Mkondoa, ambao mafuriko yake ya mwisho wa mwaka 2009 na mwanzo wa 2010 yaliwaacha maelfu ya watu bila makao na kuikata reli yenyewe. Wachache hukumbuka kwamba katika mji huo kipo pia chuo cha serikali ambamo vijana, wanaume kwa wanawake, hufundishwa utabibu. Anayeingia ni yule aliyemaliza kidato cha nne akafaulu masomo ya sayansi. Husoma miaka 3, akipanda katika ngazi ya nne, ya tano na ya sita za tuzo za ufundi za taifa, kisha hutoka na stashahada. Baraza linalosimamia masomo hayo ni lile lile linalosimamia vyuo vya ufundi.

Wako wanaodhani kwamba kuuita utabibu ufundi ni kuushusha. La hasha! Kwa hakika jina hilo linatufundisha jambo. Fundi hapimwi kwa maneno yake bali kwa kazi ya mikono yake. Kijana wa chuo hurudia kutafuta mshipa, kufunga jeraha, kumgeuza mgonjwa aliyezirai na kuisikiliza pumzi yake, mara kumi, mara ishirini, mpaka mikono iyafanye hayo hata moyo unapotetemeka. Maana saa ya hatari si saa ya kufungua kitabu.

Katika miji mikubwa ya Ulaya na Marekani wako watumishi maalumu wanaosafiri ndani ya gari la wagonjwa, nao hufika mahali pa ajali wakiwa na vifaa vyote. Sehemu kubwa ya vijijini mwetu haijawa na watumishi wa namna hiyo. Hata idara ya kwanza kamili ya tiba ya dharura nchini ilifunguliwa katika hospitali ya Muhimbili mwaka 2010 tu. Basi kwa wakazi wa vijiji vya Kilosa, na kwa msafiri apitaye Mikumi, ambapo barabara kuu iendayo Iringa na Zambia hukata katikati ya hifadhi ya wanyama iliyoanzishwa mwaka 1964, mtu wa kwanza mwenye elimu atakayemkuta majeruhi huenda akawa ni tabibu huyu wa miaka 3. Hana mtambo wa kuona ndani ya mwili, na bingwa wa kumwuliza yuko mbali. Ana mikono yake, kabati la dawa, na Mungu wake.

Je, Nusu ya Elimu Si Hatari?

Watu wengine husema: "Nusu ya elimu ni hatari kuliko ujinga. Afadhali mgonjwa asiguswe kuliko kuguswa na asiye daktari kamili." Neno hili lina sura ya hekima, lakini tulipime.

Kwanza, tuulize: asiguswe mpaka lini? Ubongo wa mwanadamu ukikosa hewa safi huanza kuharibika baada ya dakika 4 hivi. Mtu mzima ana damu kiasi cha lita 5 tu, na mshipa mkubwa ukikatika humwaga sehemu ya kutisha ya damu hiyo kabla chungu cha maji hakijachemka. Mama anayetokwa na damu nyingi baada ya kujifungua aweza kufariki ndani ya saa 2. Kifo hakimngojei bingwa. Kwa hiyo anayesema mgonjwa asiguswe hakuchagua usalama. Amechagua kifo, ila amekipa jina la uangalifu.

Pili, historia ya nchi yetu yenyewe imetoa jibu. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961 ilikuwa na madaktari wazalendo wapatao 12 tu. Kama taifa lingesema kwamba hakuna mgonjwa atakayetibiwa ila na daktari wa chuo kikuu, vizazi vingapi vingezikwa vikingoja? Ndipo wakafunzwa waganga wasaidizi wa vijijini, matabibu, na madaktari wasaidizi. Na matokeo yake? Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2009, uliofanywa katika hospitali za mikoa ya Mwanza na Kigoma, ulitazama upasuaji wa dharura wa akina mama wajawazito. Ulionyesha kwamba sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanywa na madaktari wasaidizi, ambao hawakupita chuo kikuu cha udaktari, na kwamba hapakuwa na tofauti ya maana kati ya matokeo yao na ya madaktari kamili. Bila shaka hao hawakuwa watu wa kubahatisha. Walikuwa matabibu wazoefu walioongezewa miaka ya mafunzo kwa kazi ile ile. Lakini ndivyo jambo lenyewe lilivyo: elimu yenye mipaka, iliyofundishwa vyema, si nusu ya elimu. Ni elimu kamili ya sehemu yake.

Tatu, fikirini mfano wa dini. Aliyesilimu jana hangoji kuihifadhi Kurani Tukufu yote ndipo asali. Husali kwa kile alichokwisha kujua, na sala yake ni sala. Lakini pia hapandi mimbari kesho yake akaanza kutoa fatwa katika mambo ya mirathi. Mambo haya mawili, kutumia ulichonacho na kutodai usichonacho, hayapingani. Ni pande mbili za uaminifu mmoja. Ewe ndugu unayeichunguza dini, ambaye pengine hujizuia kutenda jema ulijualo kwa kuwa bado hujayajua yote, utafakari mfano huu.

Je, Mambo Yote Hayakwisha Andikwa?

Wengine huja na hoja nyingine: "Ajali ni kudura. Aliyeandikiwa kufa atakufa, na aliyeandikiwa kupona atapona. Ya nini kuhangaika?"

Twawauliza: Mmejuaje kwamba kilichoandikwa ni jeraha peke yake, na kwamba mkono unaolibana jeraha haukuandikwa? Bedui mmoja alimwuliza Mtume s.a.w. kama amwache ngamia wake bila kumfunga na amtegemee Mungu. Akaambiwa amfunge kwanza, kisha ndipo ategemee. Mtume huyo huyo aliwahimiza watu watafute matibabu. Na Saad bin Muadh alipojeruhiwa katika Vita vya Handaki hakuachwa alale pale huku wenzake wakisema ni kudura. Alipelekwa katika hema la bibi Rufaida wa kabila la Aslam, lililokuwa katika msikiti wa Madina, hema ambalo majeruhi walitibiwa humo. Saad alifariki baadaye kwa jeraha lile. Je, twaweza kusema kazi ya bibi yule ilikuwa bure? Hapana. Yeye aliwajibika kwa matibabu. Uhai hakuushika yeye. Anayekichanganya kimojawapo na kingine ama atakuwa mvivu anayejificha nyuma ya kudura, ama mwenye kiburi anayedhani roho za watu zimo mfukoni mwake.

Tabibu kijana anahitaji sana kulielewa jambo hili, maana atawaona watu wakifa mikononi mwake. Asipolielewa, ama moyo wake utavunjika, ama utakuwa mgumu kama jiwe, na yote mawili humwondoa katika kazi.

Nia Njema Haitoshi

Sasa tugeukie kosa la upande wa pili, ambalo kwa watu wema ndilo hatari zaidi. Ni kudhani kwamba nia njema peke yake inatosha.

Gari limepinduka. Watu wa kijiji wanakuja mbio, na wengi wao kwa huruma ya kweli. Mmoja anamshika majeruhi kwapani, mwingine miguuni, wanamvuta dirishani huku shingo yake ikining'inia. Mwingine analeta maji na kumnywesha aliyezirai. Mwingine, katika kijiji kingine, anaichanja kwa wembe sehemu aliyoumwa mtu na nyoka na kuukaza mguu kwa kamba. Wote hao wana nia njema. Lakini mfupa wa shingo uliovunjika ukivutwa ovyo waweza kumpoozesha mtu maisha yake yote. Maji yaweza kuingia katika mapafu ya asiye na fahamu. Na mguu uliokazwa kamba muda mrefu waweza kuoza. Huruma isiyo na elimu yaweza kuua, nayo haimwombi aliyekufa radhi.

Ndiyo maana jambo la kwanza afundishwalo mtu wa huduma za dharura si kukimbilia, bali kusimama na kutazama: Je, mahali hapa pana usalama? Msiba wa Msamvu mjini Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, ungali ukitukumbusha. Lori la mafuta lilipinduka, watu wakakusanyika, wengi wakichota petroli, moto ukalipuka, na watu zaidi ya 100 wakapoteza maisha. Mtu mmoja mwenye kujua na mwenye sauti ya kuwafukuza watu mahali kama hapo aweza kuokoa roho nyingi kuliko atakazoziokoa kwa dawa.

Katika hadithi zilizokusanywa na Abu Daud imepokewa kwamba Mtume s.a.w. alihukumu kuwa anayejitia uganga ilhali hajulikani kuwa na elimu ya uganga ni mdhamini wa madhara atakayoyaleta. Angalieni usawa wa hukumu hiyo! Haikumzuia mtu kutibu, bali ilimlazimisha ajifunze kwanza. Basi miaka 3 ya Kilosa, pamoja na mitihani yake na usiku wake wa kukesha wodini, si kikwazo kilichowekwa ili kuwachosha vijana. Ni sehemu ya haki ya mgonjwa ambaye hata hawajamwona bado. Mwanafunzi anayeiba mtihani hamwibii mwalimu wake. Anamwibia mama mmoja ambaye siku moja atalala mbele yake akimwamini.

Mpaka wa Mwenye Kujua

Tumesema kwamba mwenye elimu ya sehemu anaruhusiwa, tena anawajibika, kuitumia. Mpaka wake ni upi basi?

Chukua hali ngumu. Ni usiku wa masika katika kijiji cha mbali na mjini. Mama amejifungua, na damu haikomi. Tabibu yuko peke yake pamoja na muuguzi. Amefundishwa kulikanda tumbo la uzazi ili likaze, kuchoma sindano ya kulikaza, kuweka maji ya mshipani, na kuita msaada. Siku hizi iko nambari 115 ya mpango wa m-mama, uliozinduliwa kwa nchi nzima mwaka 2022, ambapo gari la wagonjwa likikosekana hutafutwa hata dereva wa teksi wa jirani ili ampeleke mama hospitali. Haya yote tabibu anayajua, na akiacha moja kwa uvivu atajibu mbele ya Mungu. Lakini tuseme damu bado inatoka na barabara imejaa maji. Mama huyu anahitaji upasuaji, nao tabibu hakufundishwa. Je, ashike kisu?

Msomaji mwenye huruma huenda akasema: "Ashike, kwani atakufa vyovyote." Lakini anayesema hivyo ajiulize: kisu kikishashikwa mara moja na asiyejua, nani atakizuia mara ya pili, siku ambayo gari lingefika? Kinachomlinda mgonjwa wa kesho ni uaminifu wa tabibu wa leo katika mpaka wake. Wajibu wake usiku huo ni kufanya yote aliyofundishwa, kuyarudia bila kuchoka, kubana kwa mkono wake mwenyewe kama alivyoelekezwa chuoni, kumpigia simu mwenye kujua zaidi, na kutafuta usafiri wowote uwezekanao. Akifanya hayo na mama akafariki, machozi yake ni ya haki, lakini hana hatia.

Ni lazima kusema pia upande wa pili. Mpaka waweza kugeuzwa kichaka cha kujifichia. Yuko ambaye kila jambo gumu huliandikia barua ya rufaa: mtoto anatetemeka kwa degedege la malaria, naye, badala ya kumpa dawa ya kwanza iliyomo kabatini na kumlinda asijiumize, anaandika barua na kusema, "Mpelekeni hospitali." Barua hiyo ina muhuri, lakini haina uaminifu. Rufaa ya kweli humtoa mgonjwa akiwa amekwisha pewa yote yaliyowezekana hapo alipo. Kutojua si aibu. Kila mwenye elimu anafika mahali inapokoma. Aibu ni kukuficha kutojua kwa kujitia ujuzi, au kuuficha ujuzi kwa kuogopa lawama.

Nani Atangulizwe?

Kuna amana nyingine inayompima tabibu kuliko mtihani wowote wa chuo, nayo ni haki. Majeruhi wanne wanaletwa kwa pamoja: mfanyabiashara maarufu anayepiga kelele kwa maumivu ya mkono, kondakta wa basi, mzee asiyejulikana, na mtoto aliyenyamaza kimya. Nani aanze? Utu uliofundishwa vyema husema: mtazame kwanza aliyenyamaza, kwa maana anayepiga kelele bado ana pumzi. Zaidi ya miaka 200 iliyopita mganga Mfaransa Dominique Jean Larrey, aliyefuatana na majeshi ya Napoleon, alishika kanuni kwamba aliyeumia zaidi ahudumiwe kwanza bila kutazama cheo wala taifa. Wala kanuni hii si ngeni kwa anayeamini kuwa wanadamu wote ni viumbe wa Muumba mmoja.

Katika wilaya ya Kilosa jambo hili si la nadharia. Mwezi wa Desemba 2000, katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni, watu 38 waliuawa katika mapigano ya wakulima na wafugaji. Baada ya msiba wa namna hiyo, tabibu aliyezaliwa katika jamii ya wakulima ataletewa mfugaji aliyejeruhiwa, na wa jamii ya wafugaji ataletewa mkulima. Hapo ndipo itajulikana kama mafunzo yake yalifika moyoni au yaliishia mikononi. Jeraha halina kabila. Atakayeuliza, "Huyu ni wa upande gani?" kabla ya kuuliza, "Anapumua?" ameacha kuwa tabibu, hata kama cheti chake kimetundikwa ukutani. Vivyo hivyo kwa fedha na karatasi: ada itatafutwa, na fomu ya polisi itaandikwa, lakini roho isingojeshwe mlangoni kwa ajili ya wino.

Na Wewe, Msomaji?

Pengine utasema, "Mimi si tabibu, haya yananihusu nini?" Yanakuhusu, kwa sababu kabla ya tabibu utafika wewe. Uliye jirani ndiye wa kwanza. Basi jifunze machache, uyajue vyema. Ukifika penye ajali, tazama kwanza kama pana moto, mafuta au magari yajayo. Damu ikibubujika, bana jeraha kwa kitambaa safi kwa nguvu, wala usiachie kila dakika kutazama. Aliyezirai lakini anapumua, mlaze ubavu, ikiwa hapana dalili ya kuumia shingo au mgongo. Usimpe chochote kinywani. Usimvute majeruhi shingo ila pana hatari kubwa zaidi. Aliyeumwa na nyoka mtulize, asitembee, usimchanje, umpeleke hospitali. Mtoto anayeharisha mpe maji ya lita 1 safi yaliyotiwa vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, kidogo kidogo, huku mkimpeleka zahanati. Haya ni machache, lakini ni amana mikononi mwako tangu saa hii uliyoyasoma. Jana ulikuwa na udhuru wa kutojua. Leo udhuru huo umeondoka.

Ndivyo ilivyo elimu yote, iwe ya mwili au ya roho. Haiji kama pambo. Huja pamoja na deni. Aliyepewa kidogo ataulizwa kwa kidogo hicho: alikitumia, au alikizika akingoja kipate kuwa kingi? Alikijua kipimo chake, au alijivuna kwacho? Vijana wanaosoma Kilosa leo hawatapata utajiri mkubwa, na majina yao hayatatangazwa. Lakini iko siku, mahali fulani kati ya Mikumi na Dumila, mtu asiyewajua atafumbua macho yake, apumue, na kuuliza yuko wapi. Kurani Tukufu imekwisha fananisha kuiokoa nafsi moja na kuwaokoa watu wote. Basi asiidharau mtu sehemu yake, hata ikiwa ndogo.

Mwenyezi Mungu atujalie elimu yenye manufaa, atupe ushujaa wa kuitumia, na atupe unyenyekevu wa kukiri mahali inapokoma. Amin.